Mfereji wa Ploti na Kipande cha Patapata

Mfereji wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga uko nje, katikati ya uwanja, kwenye paipu iliyofungwa kwa waya kwenye kigingi cha mbao. Ni mmoja tu. Milango yote inautazama, kwa hiyo ukivuja kila mtu anaona, na kila mtu ana jina la wa kulaumiwa.

Alilaumiwa mama yangu. Mama hufulia watu nguo. Siku za maji, Jumatano na Jumamosi, yeye ndiye wa kwanza kuufungua na wa mwisho kuufunga. Ulipoanza kudondosha maji, jirani wa mlango wa kwanza, anayechemsha mayai ya kuuza, alisema watu wote wakisikia, "Huo mkono unakamua blanketi kila siku. Mfereji ungepona aje?"

Mama alicheka. Mimi sikucheka, na sikujibu pia. Nilipomaliza darasa la nane nilibaki nyumbani kumsaidia, na ploti nzima inanijua kama yule msichana asiyeongea. Kwanza tulifanya kama watu wote wa mtaa wetu wa Bondeni: tuliufunga mdomo kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Maji yakahama mdomoni, yakaanza kutokea shingoni. Udongo chini yake ukawa matope, na bata wa mtu, sijui walitoka wapi, wakaanza kuja kutembea pale.

Ndipo keateka, mtunzaji wa ploti, akaja. Keateka wetu ni mtu wa makamo, huvaa kofia ya sufu hata jua likiwa kali, na redio yake haizimwi.

"Mathe," alimwambia Mama, "mwenye ploti anakuja Jumamosi kutoka Rongai. Akipata hii matope ataziba huu mfereji. Si unajua alifanya nini ile ploti yake ingine?"

Tulijua. Kule waliziba, na watu hununua maji ya mkokoteni, mtungi baada ya mtungi. Hakuna anayeweza kufulia watu kwa maji ya mkokoteni. Mfereji ukizibwa, kazi ya Mama inakwisha, na kazi ya Mama ndiyo inatulisha.

Mama akatafuta namba ya fundi, akanipa simu. "Mpigie."

"Piga wewe, Mama."

"Mikono yangu ina sabuni. Piga."

Nilipiga. Fundi alipopokea, maneno yote niliyopanga yalipotea.

"Hallo?" alisema. "Hallo? Nani huyu anapumua tu?"

Mama alininyang'anya simu na sabuni yake yote. Fundi akamwambia yuko njiani. Hakuja. Kesho yake alisema yuko kwa mteja mahali karibu, anamaliza sasa hivi. Hakuja. Siku iliyofuata alisema, "Mathe, hata nimeona geti yenu," na Mama akaenda kusimama getini na aproni yake, akaangalia barabara juu na chini kama mtu anayengoja mgeni wa harusi. Barabarani kulikuwa na mbuzi.

Nilikasirika. Hasira yangu haitokagi mdomoni, inateremka mikononi. Alhamisi nilichukua koleo la Mama, lile anakazia waya za kuanikia, nikaenda mferejini.

Kuna jambo kila mtu analijua: ukitaka kufungua mfereji, kwanza ufunge maji kule getini. Kuna valvu ndani ya kisanduku cha chuma, na kisanduku kina kufuli, na ufunguo anao keateka. Kumwomba ufunguo ni kugonga mlango wake, kungoja apunguze redio, halafu kueleza habari yote kuanzia mwanzo huku akikuangalia. Kwa hiyo nilichagua Alhamisi. Alhamisi paipu huwa kavu. Sikuhitaji ufunguo wa mtu.

Maji ya kwetu yana chumvi. Ndiyo imewapaka wengi wetu meno rangi ya chai, na kwenye sufuria na mifereji huacha ganda jeupe, gumu kama chokaa. Kichwa cha mfereji kilikuwa kimeshikwa na ganda hilo. Nilining'inia kwenye koleo mpaka viganja vikachubuka. Kilipotoka, nilitoa kile kiraba cha ndani, washa, kikiwa kimeliwa upande mmoja kama biskuti. Nilikiweka juu ya patapata, kandambili yangu ya zamani, nikachora mzunguko kwa kalamu, nikakata kwa wembe polepole. Kilikaa vizuri. Nikarudisha kichwa. Kilikuwa kigumu kuingia, kimeegemea kidogo, lakini nilidhani ni ile chumvi, nikakaza kwa nguvu zote nilizokuwa nazo.

Jirani wa mayai alikuwa mlangoni akinitazama. Alikuja, akafungua mfereji, akafunga, akainama kuangalia chini ya mdomo.

"Haivuji," akasema. "Ghai! Huyu msichana ni fundi!"

Watu wakatoka. Kila mmoja akafungua, akafunga, akasema haivuji. Keateka naye alikuja na redio mkononi, akautikisa mfereji, akatikisa kichwa. "Hata tone," alisema. Jioni Mama aliniwekea kipande kikubwa cha ugali, na akaniambia nimpigie fundi nimwambie asije.

Mfereji usio na maji hauvuji. Hauwezi. Ilikuwa Alhamisi na kila aliyeufungua alijua ni Alhamisi. Mimi nilijua kuliko wote. Lakini sijawahi kusikia watu wengi hivyo wakinisifu kwa pamoja, na kuwakatiza ningehitaji sauti.

Jumamosi asubuhi Mama alianika kanzu za kwaya. Zilikuwa nyeupe, za kanisa la karibu, na zilitakiwa Jumapili. Alikuwa amezifua kwa maji ya akiba, akazitundika kwenye waya unaopita juu ya mfereji, kwa sababu ndipo jua hufika kwanza. Mfereji ulikuwa wazi, na chini yake karai limegeuzwa kifudifudi. Hivyo ndivyo sisi hungoja maji: yakifika hupiga karai, nawe unasikia ukiwa ndani.

Nilisikia. Kwanza paipu ilikohoa upepo, halafu karai likalia. Nilikimbia nikaufunga mfereji. Ulifungika. Nikaangalia mdomo wake: haudondoshi. Nilianza kutabasamu, nakumbuka hivyo, nikasikia kitu kikilia *krii* shingoni, na kichwa cha mfereji kikaruka kikapita sikio langu.

Maji yalipanda juu kama mti. Na maji ya kwanza ya kwetu, baada ya paipu kukaa kavu, huwa mekundu kwa kutu. Yalipanda moja kwa moja mpaka kwenye kanzu.

"Kanzu!" Mama alipiga kelele. "Kanzu za watu! Funga! Funga!"

Niliweka kiganja juu ya paipu. Maji yakapita katikati ya vidole, yakamfuata jirani wa mayai mpaka mlangoni kwake, jiko lake likazima na kutoa moshi. "Fundi gani huyu!" alilia. "Mnaua watu!"

Nilikimbia kwa keateka. Niligonga mlango kama ninavyogonga siku zote, kwa kidole kimoja. Redio ilikuwa ikihubiri. Nikagonga tena. Nyuma yangu nilisikia Mama akizivuta kanzu kwenye waya, na mwenye mayai akiita watoto wake wapande kitandani. Nilingoja. Hata wakati ule, miguu yangu ikiwa ndani ya maji, nilingoja anikaribishe.

Halafu nikapiga mlango kwa ngumi zote mbili. "Funga maji!" nilisema. "Wewe! Funga hayo maji!"

Redio ilizimwa. Keateka akatoka na soksi, ufunguo mkononi. Aliniangalia mimi kabla ya kuangalia maji.

"Kumbe una sauti?"

Alifunga valvu. Uwanja ukanyamaza, na siku ya maji ikabaki upande ule mwingine wa kufuli. Ndoo zote za ploti zilikuwa tupu. Mama alikaa juu ya karai, na zile kanzu zenye madoa ya rangi ya kutu mapajani. Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Mwenye ploti alifika wakati huo. Alisimama nje ya matope kwa sababu ya viatu vyake, akasikiliza watu wote wakieleza kwa pamoja, halafu akatoa simu akampigia fundi. Yule yule. Fundi alifika kabla hata mwenye ploti hajamaliza soda aliyoletewa. Sikuamini macho yangu. Mama alimwangalia akiingia, akasema tu, "Kumbe ulikuwa umeona geti kweli."

Fundi alicheka kwa aibu. Aliokota kichwa kilichoruka, akatoa kipande changu cha patapata. "Hii imekatwa poa," alisema. "Shida ni kichwa. Kiliingia upande, uzi wa skrubu ukakatika." Akakitupa kipande matopeni, akaweka mfereji mpya.

Mwenye ploti hakuuziba. Mama alikuwa amesimama mbele yake na kanzu mikononi, akimwomba, na nadhani alichoka kumsikiliza. Aliagiza mfereji utiwe kufuli, na ufunguo ukae kwa keateka.

Maji yalifunguliwa tena mchana. Mama alifua kanzu zote upya, tukazikausha kwa pasi hadi makaa yakaisha. Moja ilibaki na doa mgongoni, na Jumapili mwenye kuivaa alipangwa mstari wa nyuma. Kazi ya kwaya bado tunayo. Kazi yote bado tunayo.

Lakini Mama siku za maji huamka na kurundika nguo, kwa hiyo wa kufuata ufunguo ni mimi. Kila Jumatano na kila Jumamosi ninasimama mbele ya ule mlango. Redio inahubiri. Kidole kimoja hakimfikii, nimeshajaribu. Nagonga kwa ngumi.

"Nani?"

"Ni mimi."

"Mimi nani? Sema kwa sauti!"

Ananijua vizuri. Nasema kwa sauti.