Kilio cha Bibi Arusi Kilichokosa wa Kukijibu

Mimi darasa la nne ndilo mwisho wangu, lakini muulize mtu yeyote hapa ughaibuni, mjini Haltom City, nani ana malori ya kuhamisha vitu. Hata wenye sanaa zao ghali wananiita mimi. Mwaka jana nilipeleka Houston vitambaa vyekundu, virefu kupita nyumba, vya msanii mmoja wa kike kutoka Hong Kong. Nilivitundika mwenyewe. Ndani yake alificha spika, na sauti za vikongwe zikawa zinalia humo. Akanieleza: ni wanawake wa Weitou, wenyeji wa vijiji vya kale vya huko kwao. Kwao bibi arusi alilia kwa kuimba kabla ya kutolewa nyumbani, akitukana hata wakwe. Wanaojua sasa ni wachache.

Nikacheka. "Dada, hayo mama yangu anayo kifuani. Njoo na mashine yako ya kurekodi."

Akaja wiki ya harusi ya binti yangu. Kwetu tulikotoka pia bibi arusi analizwa: bibi yake anaimba, yeye anajibu. Wanaume hutoka nje. Lakini nyumba nimeinunua mimi, nikasimama jikoni.

Mama akaanza. Mungu wangu! Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu dada zangu waolewe, kabla ya vita vilivyotukimbiza kwetu. Akafika pa kujibiwa, akanyamaza, akangoja.

"Koko, niseme nini?" binti yangu akamuuliza bibi yake.

"Sema panapokuuma."

"Hapaniumi popote, Koko. Ninampenda. Tumeshapata nyumba mji wa Katy."

"Hata mama mkwe huna la kumtukana?"

"Ananipigia simu kila siku. Ananiita bebi."

Mama hakukasirika. Akarudia tangu mwanzo, akafika palepale, akanyamaza.

Mimi sijawahi kushindwa na kazi. Nikaingia sebuleni. "Mama, nitakuletea wanawake wa kujibu, hata kutoka mji wa Euless, nijaze basi zima."

"Wa lugha gani, papa?" akaniuliza; ndivyo anavyoniita mimi mwanawe.

Nikapitisha kanisa zima kichwani, sikupata hata mmoja wa lugha yetu. Dada zangu wote tuliwazika katika kambi ya wakimbizi.

"Basi imba peke yako, nyimbo zirekodiwe tu."

"Anayeimba hizi peke yake, kwetu anafungwa kamba kama kichaa." Akamgeukia msanii, aliyekuwa bado ameshika mashine, kisha akaniambia mimi: "Mwambie azime, asimalize betri."

Jumamosi, harusini Katy, nilimweka mama kiti cha mbele. Watu walipopiga makofi, naye alipiga.