Kamba ya Mwaridi

Mwaridi wa mke wangu uko nyuma ya nyumba yetu hapa Fridley, ughaibuni, kando ya uzio, na kila mwaka kabla ardhi haijaganda lazima ulazwe. Ndivyo wafanyavyo watu wa huku. Unafunga matawi pamoja, unachimba mfereji wenye urefu wa mmea wenyewe, unalegeza udongo wa mizizi upande mmoja, kisha unauinamisha mti mzima mpaka ulale mle ndani. Unaufukia, juu unamwaga majani makavu. Mwezi wa nne unaufukua na kuusimamisha. Usipofanya hivyo, baridi ya Januari inaua kila kilicho juu ya udongo.

Ni kazi ya watu wawili. Mmoja anainamisha, mwingine anachimba.

Mke wangu alifundishwa na bibi mmoja wa Kizungu aliyekuwa jirani yetu, na kwa miaka mingi waliifanya pamoja, wakielewana kwa mikono kuliko kwa maneno. Jumamosi walizokuwa wakiulaza, mimi nilikuwa mtaa wa Cedar-Riverside na wazee wenzangu kutoka kwetu, chai mbele yetu, tukiitawala Tanzania kutoka mbali. Jirani alipofariki, mke wangu aliniomba, "Nishikie tu, nusu saa." Nikamjibu kwamba ua halizai ndizi. Alicheka kidogo, akatoka peke yake na chepe.

Hakuniomba tena. Na suala la kurudi kwetu Korogwe nalo likaenda hivyohivyo. Tulikubaliana kwamba nikistaafu kiwandani tutarudi. Nikastaafu, nikasema mwakani. Mwaka uliofuata nikasema mwakani. Mama yake alipopooza, mke wangu alifunga masanduku mawili, akasema anakwenda kwa miezi mitatu. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa nne, ameshausimamisha mwaridi. Sasa ni mwaka wa pili.

Mwaka jana, majani yalipopukutika, aliniuliza kwa simu kama nimeulaza. Nikasema ndiyo. Sikuwa nimeugusa. Nilidhani muda upo, kumbe ardhi iliganda kwa usiku mmoja ikawa kama saruji. Theluji ilipoyeyuka, matawi yote yalikuwa meusi. Nilikuwa nikitoka kuutazama kila asubuhi kabla ya kunywa chai. Mei ilipokaribia kwisha, vikachipua vitawi viwili chini kwenye shina. Havikutoa ua hata moja.

Mwaka huu sikungoja. Jumamosi asubuhi, sakitu ikiwa bado nyeupe juu ya nyasi, nilitoa chepe gerejini nikaanza kutafuta kamba. Nilitafuta kote. Mwisho nikampigia simu ya video. Kwao ilikuwa jioni. Nilisikia sufuria zikigongana.

"Kamba ya mwaridi iko wapi?"

"Ndani ya buti langu la theluji, la kushoto. Panya wasiifikie."

Ilikuwemo, kamba ya katani, imekunjwa vizuri. Mabuti yale nilikuwa nayapita pale mlangoni kila siku bila kuyagusa.

"Niweke mahali nione," akasema. Nikaiegemeza simu kwenye ndoo.

"Mbona matawi mawili? Yalikuwa saba, mzee."

Nilisimama na kamba yangu mkononi. "Mwaka jana sikuulaza. Nilikudanganya."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Hukuniuliza kamba iko wapi. Na wewe, bila kuuliza, humo ndani huoni hata kijiko."

Nikayakusanya matawi mawili pamoja.

"Haya, funga. Usikaze hivyo! Huyo si mbuzi wa kupelekwa mnadani."

"Sina wa kunishikia."

"Goti unalo. Mimi nilitumia goti."

Nikapiga goti. Udongo wa juu ulikuwa umeshika ganda jembamba la barafu, lakini chini bado ulikuwa laini. Nikausukuma mwaridi kwa goti huku nikichimba kwa mkono mmoja, na kila mzizi ulipolia niliacha, nikapumua, nikaanza tena.

"Polepole, babu wewe! Unaulaza, hukamati mwizi."

Nikacheka. Sikuwahi kucheka katika bustani ile. Mwaridi ukainama, ukatulia ndani ya mfereji.

Nilipokuwa naufukia nilimuuliza bila kuitazama simu, "Mwezi wa nne utakuja kuuinua?"

Nilisikia akifunika sufuria.

"Hapana," akasema. "Huku nimeshakaa. Sitaki kukwambia mwakani."

"Basi nije mimi."

"Hilo nimelisikia sana, baba." Hakulisema kwa hasira. "Ukiuinua, nipigie niuone."

Nikasema nitampigia. Mama yake akamwita kutoka ndani. "Ongeza majani, hayo hayatoshi," akasema, na simu ikakatika.

Niliyakusanya majani ya uwanja mzima, hata yale ya upande wa barabara, mpaka rundo likanifika kiunoni. Kisha nikafunga maji ya nje, nikamwaga yaliyobaki kwenye mpira wa kumwagilia, nikauviringisha, nikarudisha chepe gerejini. Kamba ilibaki chini ya udongo pamoja na mwaridi. Buti nikalirudisha mlangoni, kando ya mwenzake.