Mzee wa Bango na Njia ya Ukingoni

Habari za kifo chake zilinifikia sokoni Mosocho, nikiwa nabishana na muuzaji kuhusu mkungu wa ndizi ambao kwa maoni yangu ulikuwa umekatwa mapema mno. Mfanyabiashara mmoja wa mjini, Mwislamu ambaye huja hapo kununua ndizi za kupeleka dukani kwake, alinishika bega. "Mwandishi, pole. Yule mzee wenu wa bango ametutoka." Nikamwuliza mzee yupi, ingawa nilikuwa nimeshajua. "Yule wa bango, bwana. Wa kule juu." Nilisimama hapo na hasira yangu ya ndizi ikageuka kuwa hasira nyingine kubwa zaidi. Mtu amepigania njia moja kwa miaka mingi, amegombana na kijiji kizima, amechubuka miguu, halafu anakufa na jina la kitu ambacho hakukiomba na alichokichukia mpaka siku ya mwisho. Nitawaeleza, wasomaji wangu, maana jambo hili limenikaa kooni na sioni dawa yake ila kulitema.

Marehemu alikuwa karani katika kituo cha kununulia majani chai, na alipostaafu akajipa kazi ambayo hakuna aliyemwajiri kuifanya. Kuna njia ya miguu ambayo hupanda kutoka upande wa Nyakoe, hupita katikati ya mashamba, hukatiza uani kwake, kisha hupanda hadi kwenye ukingo wa Manga, pale ambapo siku isiyo na ukungu unaliona ziwa kwa mbali, halafu huteremka upande wa pili kuingia Nyamira. Ni njia ya kale. Kando yake kuna mawe yaliyobaki ya egesarate, yaani boma ambamo vijana wa zamani walilala wakilinda ng'ombe wa ukoo. Juu zaidi kuna jabali lenye mashimo waliyochezea bao, na karibu na kilele kuna pango ambamo inasemekana ng'ombe walifichwa wakati Mwingereza alipokuja na bunduki zake. Nasema inasemekana kwa sababu chanzo changu kikuu ni marehemu mwenyewe, na marehemu hakuwa mtu wa kuaminiwa sana katika mambo ya historia. Mara ya kwanza aliponipeleka pangoni, ng'ombe waliofichwa humo walikuwa wa babu yake. Mara ya pili walikuwa wa ukoo mzima. Mara ya tatu kulikuwa na simba. Nilipomkumbusha kwamba simba hakuwepo safari iliyopita, alinitazama kama mtu aliyeharibiwa chakula. "Wewe andika vile unataka," akaniambia. "Lakini tembea kwanza."

Hilo ndilo alilolijali, watu watembee. Na hapo ndipo taabu yake ilipokuwa, kwa sababu njia yenyewe ilikuwa inaliwa. Nyinyi mnaoishi kwetu mnajua namna inavyoliwa. Baba ana shamba, watoto wanagawana, wajukuu wanagawana tena, mpaka mtu anabaki na kipande ambacho akijinyoosha kulala, miguu iko kwa jirani. Katika hali hiyo njia ya miguu inaonekana kama ardhi iliyolala bure. Msimu huu jembe linapita kidogo nje ya mpaka. Msimu unaofuata yanapandwa majani ya ng'ombe ili kuzuia udongo, ndivyo wanavyokuambia. Kisha unapandwa mkaratusi, na mkaratusi ukishika, njia imekwisha. Marehemu alikuwa akitoka asubuhi na panga, akikata majani yaliyoingia njiani na kung'oa kila kilichooteshwa hapo. Ndivyo alivyopata maadui. Siku moja nilimkuta akizozana na mama mmoja ambaye alikuwa amepanda maharagwe katikati kabisa ya njia, mistari imenyooka vizuri.

"Mzee, hii njia yako inakula shamba langu," mama yule akasema.

"Shamba lako ndilo linakula njia, na bado halijashiba."

"Kwani njia inazaa nini?"

Nilimkasirikia mama yule kwa kuuliza swali zuri kuliko hoja zetu zote. Mwishowe walikubaliana maharagwe yavunwe kwanza. Yakavunwa. Msimu uliofuata yakapandwa tena, na marehemu akatoka tena na panga.

Msidhani alikuwa mtu wa kuudhi tu, ingawa kuudhi alikujua. Kulikuwa na vijana wa Nairobi waliokuwa wakija kupanda ukingo, na fimbo zao za chuma, na chupa za maji mgongoni. Shida ni kwamba walipenda kuja Jumamosi, na marehemu alikuwa Msabato wa kuzaliwa na wa kufia. Nilikuwepo siku walipomkuta amevaa suti na tai, Biblia kwapani. Wakamsihi awapeleke. "Leo ni Sabato," akawaambia. "Siwezi kufanya kazi ya kuongoza watu." Nyuso zao zikasawijika. Akakohoa kidogo, akaendelea, "Mimi naenda kanisani, upande ule wa Nyamira. Njia si yangu. Mtu akitembea nyuma yangu, nitamfukuza?" Basi wakamfuata. Kila alipofika penye jambo la kuonyesha, alisimama kupumzika, akafumba macho na kuomba kwa sauti kubwa. "Ee Bwana, tunakushukuru kwa mawe haya yaliyo upande wangu wa kushoto, ambayo babu zetu walijengea egesarate, na mlango wake, Bwana, ulikuwa hapo penye kichaka." Vijana wakageuza shingo kwenye kichaka. Pale pangoni alimweleza Mwenyezi Mungu habari za ng'ombe na bunduki na simba kwa kirefu, na nadhani hata Mungu mwenyewe alishangaa kusikia mengine kwa mara ya kwanza. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka hata kidogo. Alifika kanisani amechelewa, jasho linamtiririka, akaketi kiti cha mbele.

Sasa nije kwenye hilo bango. Sikuwepo siku hiyo, ila nimesimuliwa na watu wengi mno kiasi kwamba naiona. Ulifanyika mkutano wa wananchi kuhusu utalii, maofisa wakaja, na aliyeandika maoni alikuwa mgeni katika eneo letu, kwa hiyo ikabidi watu waseme Kiswahili. Na Kiswahili chetu, tusidanganyane, kina mambo yake. Kikwetu hakina sauti ya p. Mtu wa umri wa marehemu akitaka kusema papai atakuambia babai, na hasikii tofauti; huko juu nimemsahihisha mwenyewe. Basi marehemu akasimama mbele za watu, kofia mkononi, akasema alichosubiri kukisema kwa miaka.

"Sisi tunataka kitu moja tu. Bango yetu. Hii bango imesahaulika, na ni ya historia. Mtusaidie na hiyo bango, watu wabite habo waone."

"Mnataka bango," akasema yule ofisa, huku akiandika. "Kubwa?"

"Aaa, kubwa ni kubwa! Si kidogo."

Watu wakapiga makofi. Walioelewa walipiga makofi kwa sababu walisikia pango, na maofisa wakapiga makofi kwa sababu walisikia ombi jepesi. Muda si mrefu bango likaletwa. Kubwa kweli, la chuma, limepakwa rangi zinazong'aa, lina picha za wakubwa wakitabasamu na mshale unaoelekea kwenye mahindi ya mtu. Na kwa kuwa lilitakiwa lionekane kutoka barabarani, nguzo zake zilisimikwa kwa saruji pale hasa njia inapoanzia. Mwenye kutaka kupanda ukingo sasa ilimbidi ajibane ubavu kati ya nguzo na ua wa jirani. Marehemu alipolalamika, waliomsikiliza walimjibu kwa upole unaochoma. "Lakini mzee, si ni wewe ulisema bango?"

"Nilisema bango!"

"Ndiyo hilo hapo."

Nilijaribu kumweleza. Nikamwambia, mzee, ni p, funga midomo kisha uachie pumzi, pa. Akanijibu, "Ndivyo nilisema. Ba." Nikamwambia tena. Akasema tena. Tuliishia kufokeana barabarani chini ya zile picha za watu wanaotabasamu, na wapita njia wakidhani tunagombania uongozi. Tangu hapo wakamwita Mzee wa Bango, na kila alipoitwa hivyo alisaga meno.

Watu husimulia kisa hiki ili wacheke ulimi wa mzee. Mimi kinaniudhi kwa sababu nyingine. Ulimi wa mzee haukuwa na kosa lolote. Kama yule mwandishi wa maoni angesema, "Haya mzee, nipeleke nikaone," wangepanda, wangefika, na lile shimo kubwa mlimani lingejieleza lenyewe kwa lugha yoyote. Lakini hakuna aliyepanda. Kuweka bango ni rahisi kuliko kutembea, na bango lina nafasi ya picha. Nimewahi kutembelea magofu ya pwani, nikaona wenzetu wanavyofagia vijia vyao kati ya kuta za kale, na mtu langoni anayekueleza hapa palikuwa kisima, hapa palikuwa msikiti. Nilirudi nyumbani nimenuna. Sisi hatuna kuta za matumbawe, sawa. Tuna njia yenyewe. Hiyo njia ndiyo gofu letu, maana ndiyo iliyotengenezwa na nyayo za waliotutangulia, na ukiipanda maharagwe hakuna atakayejua kwamba iliwahi kuwepo. Tunasimama jukwaani kusifu mababu kwa sauti ya kupasua vipaza sauti, kisha tunateremka jukwaani na kuwalima.

Siku ya mazishi nilipanda kwa miguu, kwa heshima yake. Nilipokaribia uani kwake, njia ikakoma ghafla kwenye chungu ya udongo mwekundu. Nikadhani kuna bomba la maji linachimbwa. Nilipochungulia, nikakuta vijana ndani ya shimo, jasho linawatoka. Walikuwa wanachimba kaburi la Mzee wa Bango katikati ya njia yake.

Niliuliza huu ni wazimu gani. Wanawe walinieleza bila aibu. Mila inataka mwanamume azikwe upande wa kulia wa nyumba yake. Upande wa kulia kuna chai iliyopandwa mpaka karibu na ukuta, na kati ya chai na ukuta kuna njia. Chai ndiyo inayolisha nyumba. Njia ndiyo sehemu pekee iliyo wazi. "Na hata hivyo aliipenda," akasema mwanawe wa kwanza, "kwa hiyo tumemweka anapopenda." Kaburi lingejengewa kwa saruji na vigae, na watu wangepita wapi? Akainua mabega. Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, wanatikisa vichwa kukubali. Nilitaka kupiga kelele, lakini mimi ni mgeni katika boma lile, na maiti ilikuwa imeshafika.

Aliyetoka nje ni mjane wake. Nimjuavyo mimi, mama huyu hakuwahi kufika pangoni hata siku moja. Kwa miaka yote alimlalamikia mumewe kwamba amewapa uadui na majirani kwa ajili ya kichochoro. Alisimama ukingoni mwa shimo, leso imefungwa kichwani, akalitazama.

"Fukieni," akasema.

"Mama, tumeshafika kiunoni."

"Fukieni. Ng'oeni majani, mchimbe pale."

Mwanawe wa kwanza akaja mbio. "Mama, hiyo ni chai. Ukiing'oa, nyingine inachukua miaka kushika. Tutakula nini?"

"Baba yako aligombana na kila mtu kijiji hiki kwa sababu ya hii njia," mama akasema, kwa hasira zaidi kuliko machozi. "Kila mtu aliambiwa ang'oe yake. Leo mnataka watu wamkute yeye ndiye amelala njiani? Mnataka kumzika mwongo?"

Alichukua panga mikononi mwa kijana mmoja, akainama, akaanza kukata mchai wa kwanza shinani. Mizizi ya chai ni migumu, na mama yule ni mzee. Alikata na kukata bila kumaliza, mpaka mwanawe akashindwa kustahimili kumtazama, akampokonya panga kwa upole na kuendelea mwenyewe. Kisha wengine wakaja na majembe. Mazishi yalichelewa sana. Mchungaji alitazama saa, wageni wa heshima walinung'unika ndani ya hema, na mmoja wao aliondoka kabla ya zamu yake ya kuhutubia, jambo ambalo halikutupunguzia kitu. Marehemu alizikwa katikati ya chai, hatua chache kutoka njiani, na lile shimo la kwanza likafukiwa na kukanyagwa mpaka likawa sawa.

Baadaye zilikuja hotuba. Kila aliyeshika kipaza sauti alisema anapenda historia yetu, anaenzi urithi wetu, na ataendeleza kazi ya mzee. Nilisikiliza nikiwa nimekunja uso, macho yangu kwenye ile michai iliyolala chini, mizizi juu, majani yake bado mabichi. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia kwamba anapenda historia ya kwetu, simwulizi tena amesoma nini wala ameandika nini. Namwuliza ameng'oa nini.