Barakoa ya Nano Kwenye Shimo la Bati

Mgeni akisifia chai kabla hajaionja, mimi namtilia shaka hapo hapo. Yule kijana wa barakoa aliisifia akiwa bado mlangoni. Alinipa shikamoo ya kuinama, akamwita mdogo wangu bosi, na viatu vyake havikuwa na vumbi hata chembe, ilhali kiangazi kile Isingiro yote ilikuwa nyekundu mpaka majani ya migomba. Nikajisemea, huyu ana lake jambo.

Mdogo wangu ndiye aliyemleta. Ana shimo lake la kuchimba bati kule bondeni. Masika yalilijaza maji, ukingo ukaporomoka na pampu yake, ikazama humo humo. Tangu hapo alikuwa hali vizuri, ndizi zinapoa kwenye sahani. Basi akasikia kuna mtu mjini anauza barakoa ya kupumulia chini ya maji, akataka ashuke nayo akaifunge pampu kamba. Kuogelea hajui. Sisi tumekulia kwenye migomba na mibuni, maji yetu ni ya ndoo.

Kijana alieleza kwamba ndani ya barakoa mna sifongo la teknolojia ya nano, lenye vitundu ambavyo jicho haliwezi kuviona, vinavyochuja hewa iliyomo majini kama mashavu ya samaki. Nikamuuliza mbona mle shimoni hakuna hata chura. Akacheka, akasema hiyo ni sayansi, mama. Ebo! Hilo neno nano nalijua. Liliandikwa kwenye plastiki ya kulinda kioo cha simu yangu, na simu ilipoanguka jikoni kioo kilipasuka chote. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiki kilitembezwa mpaka kwetu.

Mdogo wangu alikasirika, akasema namwaibisha mbele ya mgeni. Nikawafuata bondeni, roho ikiwa juu. Kwetu tumebaki wawili tu, mimi na yeye.

Shimoni mdogo wangu alivua shati, akajifunga kamba kiunoni. Walikubaliana kwamba akizidiwa aitikise, tumvute. Maji yalikuwa mazito, rangi ya chai ya maziwa. Alipoinua barakoa aivae nikamshika mkono, nikamgeukia yule kijana.

"Mwanangu, huku kwetu mwenye pombe ya rubisi huionja kwanza, ndipo mgeni anywe. Shuka wewe."

Nilitegemea visingizio. Hakutoa hata kimoja. Alivua viatu, akajifunga kamba, akavaa barakoa akaingia. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana tapeli asingeingia.

Kamba ilitulia kidogo, kisha ikaanza kuruka. Tulimvuta wote wawili. Alitoka ameing'oa barakoa, macho yamemtoka, anatapika matope. Akakaa chini akalia. Alisema waliompa bidhaa walimhakikishia inafanya kazi, naye akawaamini, hakuwahi kuijaribu. Matusi niliyoyaandaa tangu asubuhi yalinikauka mdomoni. Nikamfunika kwa khanga yangu.

Tulimsindikiza hadi barabarani, akapanda bodaboda akaenda zake. Kurudi nyumbani mdogo wangu alitangulia mpaka tulipoingia kwenye migomba yetu. Hapo akasimama, akaniambia bila kunitazama:

"Dada, mimi nisingeitikisa ile kamba. Ningeona aibu."