Mwanamke Pekee Katika Baraza la Dawa

Katika baraza la wajuzi wa dawa aliloliunda daktari Mzungu hapa Bagamoyo, mwanamke alikuwa bibi mmoja tu, mganga wa mizizi. Kila mzizi aliusugua kwa kidole gumba, akaunusa, ndipo akasema, kwa sauti ya chini kama anayebembeleza mtoto. Jumatatu ile alisema, "Huu hapewi mwenye mimba."

"Ninyi mnashauri tu, bibi. Mwamuzi ni mimi," daktari akacheka, akamsogezea Chausiku, mjamzito aliyekuwa akitetemeka kwa homa, kikombe cha dawa ya mzizi ule.

Bibi akakidaka, akakisukuma hadi mdomoni mwa daktari. "Kwetu mganga huonja kwanza. Onja!"

Daktari akafumba mdomo. Bibi akaimwaga dawa sakafuni.

"Inuka, mwanangu, twende."

Sisi wanaume sita wa baraza, tuliojua fika kuwa amesema kweli, tukabaki vitini kama magunia.