Sentensi ya Kumi na Moja

Kitabu chetu cha Kiingereza kilinuka tumbaku. Kilikuwa kimoja kwa darasa la tano zima, na Mwalimu Pili alikitunza nyumbani kwake, chumba kimoja na marobota ya tumbaku ya mume wake. Hapo kijijini Kakese, miaka ya tisini, ukurasa mmoja tuliusoma wiki nzima. Jumatatu mwalimu alisoma, sisi tukisikiliza. Kuanzia Jumanne tulisoma kwa zamu, kila mtoto sentensi moja kwa sauti, kisha kitabu kinakwenda kwa jirani. Mimi sikujua kusoma hata neno. Nilijua kuhesabu vichwa. Nilikuwa wa kumi na moja, basi Jumatatu niliikamata sentensi ya kumi na moja kwa masikio na kuirudia njia nzima hadi nyumbani.

Alhamisi moja ng'ombe waliingia bustani ya shule. "Masanja, hao si wa kwenu? Kawatoe!" alisema mwalimu. Masanja, aliyekuwa wa kumi, akatoka mbio kabla ya kusoma yake. Kitabu kikaja kwangu, na sentensi yangu ilikuwa tayari mdomoni. Ikatoka.

"Mwalimu, huyu anasoma hewa!" alicheka Yusta, jirani yangu. "Hiyo ya kumi na moja sasa ni yangu!"

Mwalimu akaja kusimama karibu nami. "Weka kidole ulipoanzia." Kidole kilizunguka ukurasa kama nzi, kikakosa pa kutua. Niliwaza jambo moja tu: nitarudishwa darasa la nne, na baba alishasema nikirudishwa nitabaki shambani.

"Ya Masanja unaijua?" Nikaisema. "Na ya Yusta?" Nikaisema. Nikaendelea hadi mwisho wa ukurasa, macho nimeyafumba. Hakuna aliyecheka.

"Masikio yako yameshamaliza shule, mama," alisema. "Sasa tufundishe kidole." Kila mchana alibaki nami, mimi nikisema, yeye akikisogeza kidole changu neno moja moja.

Leo binti yangu ana kitabu chake mwenyewe, na anasoma kimya, hata midomo haitikisiki. Mimi bado nasoma kwa kidole. Jumapili iliyopita jumuiya ilikutana kwangu, tukasoma Injili mstari mmoja mmoja. Nilishahesabu, wangu ulikuwa wa saba. Mara mama mmoja kabla yangu akatoka nje na mtoto aliyekuwa akilia, hajasoma wake. Kilikuwa Kiswahili tu, lakini jasho lilinitoka. Nikashusha kidole, nikautafuta mstari wa sita. Kikatua.