Zipora na Picha ya Ishirini na Tano

Hapa Maganzo watu wengi hutembea wakitazama chini, wakitafuta almasi. Jirani yangu Zipora hutazama ukuta. Mimi ni fundi cherehani, yeye ana studio, na kati yetu kuna mbao nyembamba zisizozuia hata neno moja, kwa hiyo habari zake nazijua hata asipotaka.

Kazi yake ni kuhamishia picha za zamani kwenye DVD. Vijijini deki zinazotumia sola bado zipo, na watu wanamletea kanda za harusi, za kipaimara na za misiba. Ana maringo, simfichi. Mlangoni ameandika kwa rangi nyekundu: KAZI YANGU HAIKWAMI. Mteja akimharakisha, humwambia akajipige picha kwa simu yake. Wananuna, kisha wanarudi, maana hakuna mwingine.

Mwaka jana mwezi wa sita alikuja Wema kutoka Songwa, amemshika mkono mama yake, Bernadina, ambaye haoni kwa miaka saba sasa. Walibeba mkebe wenye filamu iliyopigwa na padri mmoja mwaka 1974, kwenye mashindano ya ngoma baada ya mavuno. Manju wa siku hiyo, yaani kiongozi wa nyimbo, alikuwa marehemu Mwigulu, mume wa Bernadina.

"Sijaisikia sauti yake miaka kumi na mitano," mama alisema. "Nataka niisikie kabla sijamfuata."

Zipora akaazima projekta ya parokia, akaiangaza filamu ukutani na kuirekodi. Hapa kuna jambo moja la ufundi ambalo amenieleza mpaka naliota. Filamu ile hupitisha picha ishirini na nne kila sekunde, na DVD za huku kwetu zinataka ishirini na tano. Basi unaikimbiza filamu kidogo tu, hesabu inatimia. Jicho halitambui. Ndivyo alivyofanya miaka yote, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Jumamosi walirudi. Nikaacha cherehani nikaingia kuchungulia, maana umbea nao una muda wake. Picha ilikuwa safi kabisa, hata vumbi la miguuni lilionekana. Wema alikuwa analia. Bernadina alikaa ameinamisha kichwa. Mara mbili alifungua mdomo aitikie wimbo, mara mbili akaufunga.

"Vipi, mayu?" Zipora akauliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Picha sijui. Lakini huyu si Mwigulu. Mwigulu sauti yake ilitoka tumboni, huyu anaimbia puani. Na mimi ndiye niliyekuwa namwitikia. Huyu hanipi nafasi hata ya kuvuta pumzi."

Zipora alikasirika, nilimwona anavyokaza taya. Akaanza kueleza habari za ishirini na nne na ishirini na tano, halafu akakatisha, akaigeukia kompyuta. Nadhani ndipo alipotambua kwamba filamu ikikimbizwa, sauti nayo hukimbia na kuwa nyembamba; miaka yote alikuwa anatengenezea macho, na mteja wa leo ana masikio tu.

"Naweza kuurudisha mwendo wake," akasema taratibu. "Ila kila sekunde itabidi picha moja niionyeshe mara mbili, ili zitimie ishirini na tano. Miguu ya wachezaji itakuwa inakwama kwama."

"Ikwame, mwanangu. Mimi siioni."

Najua lilivyomuuma lile neno. Alikaa kwenye kompyuta mchana kutwa, akiguna kama anayeng'olewa jino, nao wakamsubiri kwangu wakinywa uji. Jioni akaweka diski kwenye deki. Kweli, wachezaji walisita kidogo kila sekunde, na Zipora akageuza uso asione. Lakini ngoma sasa ilikuwa nzito. Sauti ya mwanamume ikapanda kutoka chini, ikatupa swali lake, ikangoja.

Bernadina akavuta pumzi, akaitikia. Aliingia palepale, hakuwahi wala hakuchelewa, na Mwigulu akaendelea na ubeti unaofuata. Wakaenda hivyo, mtu na mumewe, mpaka mwisho. Nililia, wala sioni haya kusema.

Filamu ilipoisha, mama akaomba isikike tena. Zipora, ambaye harudii kitu kwa ajili ya mtu yeyote, aliirudia mara nne.